Umaskini tuliukuta, mapanga hatukuyakuta. Hawa watoto wametoka wapi?

#1 Baba Salma
Salaam wanajamvi. Nina duka Mlaleo, Kisauni hapa Mombasa, kwa hivyo haya si ya kuhadithiwa. Kila vijana wa panga wakipita Kisauni wakikata na kupora watu utasikia redioni ni ukosefu wa ajira, anaitwa mheshimiwa anasema ukosefu wa ajira, anaitwa shekhe anasema malezi na ukosefu wa ajira, kipindi kimeisha wanaweka tangazo la sabuni. Mimi nakataa. Umaskini tuliukuta hapa. Babangu alikuwa kuli bandarini, tunalala watu saba chumba kimoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkata mama wa mahamri ili ampore mia mbili. Halafu hawa ninaowaona mimi wana miaka kumi na tatu, kumi na tano. Mtoto wa umri huo amekosa ajira gani? Naomba mwenye jibu anijibu ila ya redioni msiniletee.

#2 Kaptula Tuktuk
Muguka, hayo majani wanayotafuna kama miraa. Fungeni uzi.

#3 Kibokoni1
😂😂 Kisauni mna shida nyinyi. Sisi huku Mji wa Kale tunakunywa kahawa saa tano usiku barazani, hakuna mtu anatuuliza.

#4 Kaptula Tuktuk
@Kibokoni1 kahawa na simu umeificha ndani ya soksi, tunawajua.

Sasa niongee kwa urefu maana leo gari iko kwa fundi. Mimi nabeba watu usiku, Mwandoni, Bombolulu, mpaka Kongowea. Ukitaka kujua kijana amebeba kitu usimwangalie uso, angalia anavyokaa. Akiingia tuktuk haegemei kiti. Barabara yote mashimo, wenzake wanarushwa huku na huku, yeye amekaa wima tu maana panga limeshushwa mgongoni ndani ya shati, mpini uko pale chini ya kola, na wengine mpini wameuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli usiteleze kwa jasho. Mimi nikiona mtu haegemei nasema mafuta yameisha, shukeni. Na wote hao shavu limejaa. Muguka wa hamsini, juu yake bugizi, vile vidonge vya kulewesha, hapo hana mama hana baba, kesho ukimuuliza jana ulimkata nani wallahi hakumbuki. Hiyo ndio sababu Baba Salma, zamani hivi vitu havikuwa rahisi kupatikana.

#5 Sharia Ndogo
Kaptula hilo la muguka lishajaribiwa. Mei 2024 gavana Nassir alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, wakulima wa muguka wa Mbeere, huko Embu, wakaenda korti ya Embu, korti ikasimamisha marufuku, na Ikulu nayo ikasema hayo makatazo hayana nguvu kwa sababu muguka ni zao linalotambuliwa kisheria. Kwa hivyo kama ni muguka basi jibu liko Embu si Kisauni.

Halafu naongeza, wanaotafuna muguka Mombasa ni madereva, mabaharia, wachuuzi, walinzi na walimu wengine (wanajijua). Mbona hao hawabebi panga?

#6 Kaptula Tuktuk
Mimi natafuna nikae macho, si kukata watu. Dozi ni tofauti na nia ni tofauti.

#7 mama_zuu
Asalam aleikum. Mimi naona mnazunguka pembeni. Baba Salma umesema mlilala saba chumba kimoja. Sawa, na hapo ndipo pametofautika. Siku hizi mtoto wa kiume akifika darasa la saba, sauti ikianza kukatika, hawezi tena kulala chumba kimoja na mamake na dadake, na mzazi hana pesa za chumba cha pili. Anafanyaje? Anaenda kulala geto. Geto ni chumba cha elfu mbili elfu mbili na nusu kimekodiwa na kijana wa miaka ishirini hivi, ndani wamelala sita, saba. Asubuhi anarudi nyumbani kunywa chai na kuvaa yunifomu, mama anaona mtoto yupo. Lakini kuanzia saa moja usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi mtoto si wako, ni wa mwenye geto.

Mimi mtoto wa dadangu aliingia hivyo. Hakuwa na njaa, kwao wanauza viazi karai na wali wanakula. Alienda geto kwa sababu dadake alivunja ungo na nyumba ni chumba kimoja na pazia. Mwenye geto akawa ndiye baba, anamnunulia viatu, anamwambia leo utasimama pale kona ukiona taa ya gari la polisi upige mbinja. Basi, ni hivyo tu. Kazi ya kwanza ilikuwa mbinja. Mtu haanzi na panga.

#8 mwalimu_bombo
Mama Zuu umesema kweli kabisa. Darasani nawajua wa geto kwa macho yao, analala somo la kwanza mpaka la tatu. Ukimwita mzazi anaapa mtoto analala kwao.

#9 Baba Salma
Mama Zuu shukran, hili sikulisikia redioni. Lakini mageto yalikuwako hata miaka ya tisini, sisi pia tulilala geto Majengo, tukipiga karata na kuiba maembe ya watu. Geto peke yake haliwezi kuwa sababu.

#10 Mzee Timbwani
Vijana wangu, nimesoma kichwa cha uzi nikacheka. "Mapanga hatukuyakuta." Wewe Baba Salma ulikuwa wapi mwaka 1997? Mimi nalikuwa Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti watu wenye mapanga, mishale na marungu waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakachukua bunduki, wakachoma vibanda, tena wakawasaka watu wa bara nyumba hadi nyumba. Watu walifukuzwa kwa maelfu, wengine wakalala kanisani. Ndiyo tunayoiita Kaya Bombo. Serikali ikaunda tume ya Jaji Akiwumi mwaka 1998 ichunguze. Na wale walioshika mapanga walikuwa ni kina nani? Vijana wa mtaani, waliambiwa ardhi yenu imeliwa na kazi zenu zimeliwa, na uchaguzi uko Disemba. Uchaguzi ukapita, waliowapa ahadi wakaenda zao, vijana wakabaki na mapanga na mafunzo ya msituni. Kwa hiyo yakhe usiseme hatukuyakuta. Mapanga yana wenyewe, na kila baada ya miaka mitano wenyewe huja kuyaangalia.

#11 Baba Salma
Mzee wangu shikamoo. Kaya Bombo naijua, lakini ile ilikuwa ni watu wazima wamekula kiapo, wana madai yao ya ardhi na ya uchaguzi. Hawa wa leo hawana dai lolote. Wanamkata Mmijikenda mwenzao, Mswahili mwenzao, jirani aliyewanyoa nywele. Mwaka gani hao walisema wanataka ardhi?

#12 Mzee Timbwani
Marahaba. Dai halipo lakini mwenye kulipa yupo. Ngoja ifike kampeni uone hao wa kona nani anawavisha fulana.

#13 binti_bandari
Naona nyote mmeruka uchumi kwa sababu Baba Salma amekataza 😅 mimi nauleta kwa nguvu. Si lazima mtoto wa 13 awe amekosa kazi, ni babake aliyekosa. Mimi nilifanya kazi kwa yadi ya makontena. 2017 reli mpya ya SGR ya kwenda Nairobi ikaanza, baadaye ikatoka amri mizigo ipande treni ikakaguliwe Nairobi. Madereva wa malori wakapaki, mayadi yakafunga, makarani, wapakuzi, fundi wa tairi, mama wa chakula pale Changamwe, Miritini mpaka Mariakani wote wakakauka. Mnakumbuka maandamano ya kila Jumatatu 2019? Kabla yake hoteli zishaanguka, 2014 wageni wa Uingereza walibebwa na ndege wakarudishwa kwao kwa sababu ya onyo la usalama. Sasa piga hesabu yako mwenyewe, mtoto aliyezaliwa 2008 amekua wakati babake anashinda nyumbani amekunja uso. Hiyo heshima ya baba ikitoka ndani ya nyumba inakwenda wapi? Inakwenda kwa mwenye geto wa mama Zuu.

#14 Sharia Ndogo
Binti hoja nzuri ila kuna tobo. 2022 Rais mpya aliapishwa na siku hiyohiyo akasema ukaguzi wa mizigo urudi Mombasa. Kazi zimerudi kiasi, mapanga yameisha? Na Kisauni yalianza kabla ya amri ya treni. Mwisho wa 2016 marehemu waziri Nkaissery alichapisha gazeti rasmi la serikali na kuharamisha magenge karibu 90 nchini chini ya ile sheria ya uhalifu wa kupangwa ya 2010, na majina ya huku kwetu yalikuwemo, Wakali Kwanza, Wakali Wao na wenzao.

#15 Kibokoni1
Ile orodha ndio ilikuwa tangazo la bure. Kijana wa kona aliyekuwa anajulikana na shangaziye tu akajisoma kwenye gazeti la serikali. Angelipa pesa ngapi apate hiyo?

#16 binti_bandari
@Sharia Ndogo kazi zikipotea miaka mitano hazirudi kwa watu walewale. Yadi ikifunguliwa tena inaajiri vijana wengine, yule baba ashakuwa mteja wa mnazi. Tobo lako limezibwa.

#17 mwanamaskani
Nimekuwa nasoma kimya. Mimi nilikuwa ndani ya hayo mambo, sitasema kundi wala mtaa, saa hii naendesha bodaboda ya mtu. Mnaongea vizuri lakini hakuna aliyeuliza swali moja rahisi: zile simu zinaenda wapi?

Simu hailiwi. Tukitoka raundi tuna simu tisa kumi, kabla ya alfajiri hatuna hata moja. Kuna mtu ana duka, ana meza, ana leseni ya kaunti ukutani, anaflashi, anabadilisha kava, simu ya elfu kumi na tano anakupa elfu moja na mia tano. Huyo hajawahi kushikwa. Sisi tunakatwa, tunapigwa risasi, tunachomwa tairi, yeye anafungua duka saa mbili asubuhi anasema bismillah. Mmeweka sababu kumi hapa, mimi naweka hii moja, kuna soko. Soko likifa mtoto wa 13 akipora simu ataifanyia nini? Atampigia nani?

#18 Kaptula Tuktuk
Daah. Huyu ameongea.

#19 Kibokoni1
Na wanunuzi ni sisi wenyewe. Mtu anaona simu ya elfu ishirini inauzwa saba bila risiti bila boksi anasema Mungu amemfungulia.

#20 Baba Salma
@mwanamaskani ahsante kwa kujitokeza na hongera kwa kutoka. Lakini hebu nieleze, kama ni biashara tu, mbona mnakata mtu aliyeshatoa simu? Yule mama wa mahamri alitoa pesa kwa mikono miwili na bado akapigwa panga la mkono. Biashara gani hiyo? Mwizi wa zamani akishapata chake anakimbia.

#21 mwanamaskani
Hapo sikatai. Sababu ni wenzako wanakuangalia. Mgeni kwenye kundi asiyekata anaitwa mwanamke, na ile siku ya kwanza ndio huwa mbaya maana mtoto anaogopa kuliko yule anayeporwa, ndio anakata ovyo. Wakubwa hawakati sana. Ukiona maiti au mkono umening'inia ujue kulikuwa na mgeni. Halafu kuna visasi. Upande ule wakimkata wa kwetu Jumamosi, Jumapili lazima twende, na tukienda hatumtafuti aliyekata, yeyote tunayemkuta kwenye kona yao ni halali yetu. Hayo hayana simu wala njaa ndani yake.

#22 Mswahili_Glasgow
Salaam kutoka kwenye baridi. Hilo la visasi ndilo lililonifanya niandike. Hapa Glasgow walikuwa na hiyohiyo kitu, vijana wa mtaa huu na mtaa ule, visu, wanapigana kila wikendi kwa sababu babu zao walipigana. 2005 polisi wa hapa waliunda kitengo maalumu wakasema tuache kuiona kama jinai tupu, tuione kama maradhi yanayoambukiza. Wazo la mzizi lilitoka Marekani. Boston mwaka 1996 watafiti walikaa na polisi wakahesabu, wakakuta wanachama wa magenge hawafiki hata asilimia 1 ya vijana wa jiji lakini wanahusika na zaidi ya nusu ya mauaji ya vijana. Wakawaita hao wachache kikao, wakawaambia mambo mawili, ukiacha kuna kazi na msaada, na mmoja wenu akiua tena kundi lote litaandamwa na sheria. Mauaji ya vijana yakashuka zaidi ya nusu. Chicago wao walianza 2000 na daktari Gary Slutkin, wakachukua watu kama @mwanamaskani, waliotoka, wakawapa mshahara kazi yao ni kukimbilia kule mtu amekatwa kabla wenzake hawajaenda kulipiza. Yaani kati ya ile Jumamosi na Jumapili.

#23 Kibokoni1
Mtu amekaa Ulaya na hita anatufundisha panga 😂

#24 Mswahili_Glasgow
Cheka tu ila ujue huyo Slutkin kabla ya Chicago alikuwa Somalia anapambana na kipindupindu na kifua kikuu kwenye kambi za wakimbizi, akatumia wenyeji kuwafuata wagonjwa. Elimu yenyewe aliokota huku kwetu.

#25 Kibokoni1
Ah basi naondoa kicheko nusu.

#26 Sharia Ndogo
@Mswahili_Glasgow mbinu nzuri lakini fikiria hapa. Unawaita vijana kikao, polisi wamekaa mbele. Nani atakuja? Pwani hii watu wamechukuliwa na magari yasiyo na namba, wengine hawajaonekana mpaka leo, Haki Africa, shirika la haki za binadamu, walitoa ripoti yao 2016 yenye visa vya familia nyingi tu. Kijana akiitwa "njoo kikao jina lako liko kwenye orodha" ataona ni orodha ile nyingine, ya wanaochukuliwa. Boston walikuwa na polisi ambao angalau kuna mtu aliwaamini.

#27 mwanamaskani
Kweli tupu. Na msako ukija wanazoa kila aliyesimama. Mimi mara ya kwanza kuwekwa selo nilikuwa sijafanya lolote, nimetoka kununua sukari. Kituo fulani, sikitaji. Mamangu akauza simu yake nikatoka. Ndani nilikutana na wale wakubwa, tukafahamiana, nilipotoka nina marafiki wapya. Halafu ukishapelekwa kortini hata kama kesi ilifutwa, ukienda kuomba kazi ya ulinzi wanataka cheti cha tabia njema, unalipa yako 1,050, kinatoka na madoa. Basi umerudi kona.

#28 Kaptula Tuktuk
Mimi na heshima zangu zote, mnawahurumia sana. Wapigwe. Ukiona mwenzako amekatwa kichwani uso umefunikwa damu, anaomba maji, huna moyo wa kusema eti maradhi. Na sheria inawalinda, chini ya miaka 18 huwezi kumfanya kitu, kesho yuko nje anakuchekea.

#29 Sharia Ndogo
Kaptula hiyo ya 18 si kweli na inasambazwa sana. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022 asiyefika miaka 12 ndiye hashtakiwi, zamani ilikuwa 8. Wa 12 na 13 inachukuliwa kuwa hajui baya na zuri mpaka upande wa mashtaka uthibitishe anajua. Kuanzia 14 anashtakiwa kama kawaida ila kesi inaenda korti ya watoto, hapa kwetu ni Tononoka, na akipatikana na hatia korti inaweza kumpeleka Shimo la Tewa, si jela ya watu wazima, ile taasisi ya vijana ya Borstal, kuanzia miaka 15, kipindi chake ni miaka mitatu. Na mtu mzima akiiba kwa mabavu na silaha, kwenye kitabu adhabu bado ni kifo. Sheria ipo na ni kali.

Shida ni ushahidi. Aliyekatwa anashonwa hospitali ya Makadara, anapewa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, inajazwa, kisha mama wa mtoto anakuja na wazee na kuku na elfu kumi za matibabu, wanasema sisi ni majirani tumalizane nyumbani. Shahidi hafiki kortini, hakimu afanyeje? Anamwachilia. Halafu mtaa mzima unasema polisi wamekula.

#30 Kaptula Tuktuk
Na mara nyingine wamekula.

#31 Sharia Ndogo
Na mara nyingine wamekula, ndiyo.

#32 mama_zuu
Mwataka nende kortini nimshuhudie mtoto wa jirani, jioni nirudi nilale wapi? Wanajua mlango wangu. Shahidi wa Mombasa hana pa kujificha, kila mtu binamu ya mtu.

#33 mwalimu_bombo
Mimi naongeza moja bila kupoteza muda. 2020 ule mradi wa serikali wa Kazi Mtaani, vijana wanafagia mitaro wanalipwa 455 kwa siku, upande wetu kulitulia kabisa. Pesa kidogo tu, na saa kumi na mbili mtu amechoka. Kwa nini isirudishwe?

#34 Kibokoni1
Mwalimu 2020 kulikuwa na kafyu kuanzia saa moja usiku 😂 hata paka walikuwa ndani. Sisi Mji wa Kale Mei tulifungiwa kabisa hakuna kuingia hakuna kutoka, uhalifu ulikuwa sifuri, tukapewe Tuzo ya Amani?

#35 mwalimu_bombo
Kafyu ilichangia, sawa. Lakini ilipolegezwa na kazi ingaliko bado kulikuwa shwari. Wa upande wangu waliokuwa na zile aproni sikuona mmoja kwenye mambo hayo mpaka malipo yalipoanza kuchelewa.

#36 Mzee Timbwani
Nawaambia tulilofanya sisi upande wa huku, si dawa ila lilisaidia, na linafanana na hayo aliyosema mama Zuu, ingawa sisi hatukuwa tumeyasoma. Tulikaa mzee wa mtaa, imamu, mchungaji na akina mama wawili wenye ndimi kali (hao ndio muhimu). Hatukwenda kwa vijana. Tulikwenda kwa wenye nyumba. Kila mwenye nyumba aliyekodisha chumba cha geto tukamuuliza, majina ya waliolala humo jana ni yapi? Hajui. Yeye anajua kodi tu. Tukamwambia basi kuanzia mwezi huu ukipangisha kijana, mzazi wake au amu yake aje aweke jina, na asiyefika miaka kumi na minane asilale humo bila mzazi kujua. Mwenye nyumba mmoja alikataa, tajiri, haishi hapa, akasema nyumba ni yake. Akina mama wakahamia kwenye baraza yake, kila jioni wanachambua mchele pale pale mlangoni kwa geto, wanauliza kila anayeingia, wewe mtoto wa nani? umekula? mamako anajua uko hapa? Geto lilihama lenyewe.

#37 mama_zuu
😂😂😂 hiyo ndiyo adhabu. Bora polisi.

#38 Baba Salma
Mzee hii nimeipenda sana. Ila swali, lilihamia wapi?

#39 Mzee Timbwani
Hapo umenishika. Nasikia Mtongwe.

#40 binti_bandari
Mtongwe wamewashukuru?

#41 Mswahili_Glasgow
Ndio maana nasema isiwe mtaa mmoja mmoja. Na @mwanamaskani ile ya simu ifanywe. Maimamu waseme Ijumaa, asinunue mtu simu isiyo na risiti. Kila mmoja leo abonyeze *#06# aandike mahali ile namba ya IMEI, ya kuitambua simu yenyewe, si ya laini, ikiibiwa una cha kupeleka.

#42 mwanamaskani
Maimamu waseme, inshallah. Lakini mimi nilishawahi kuuza simu nje ya msikiti baada ya Ijumaa, ikanunuliwa dakika tano.

#43 Kaptula Tuktuk
🤣 Astaghfirullah

#44 mwalimu_bombo
Mwenzenu mmoja kaanzisha ligi ya chini ya miaka 16, Jumamosi, timu kutoka Mwandoni, Mtopanga, Mishomoroni na Bakarani. Mimi nasaidia upande wa shule. Najua mtasema mpira hauzuii panga, sawa, lakini saa kumi mpaka magharibi watoto themanini nawaona kwa macho.

#45 mwanamaskani
Mwalimu uwanja uko wapi? Usiseme ni uwanja wa shule ile ya juu. Watoto wa Mtopanga hawawezi kupita ile barabara kuja huko. Si kwa kutotaka, watakatwa hata kama wamevaa jezi. Ama muwabebe na gari.

#46 mwalimu_bombo
Ni huo huo.

#47 Kibokoni1
Chezeeni kwenye feri basi, pale katikati ya maji hakuna kona ya mtu.

#48 Baba Salma
Mimi bado sijajibiwa vizuri. Mmenipa geto, muguka, soko la simu, treni, wanasiasa, polisi, visasi. Kila moja ukiiangalia peke yake mimi nampata jirani mwenye hiyo shida yote na mtoto wake hajashika panga. Kuna wawili nyumba moja tumbo moja, mmoja yuko chuo cha ufundi anasomea umeme na mwingine yuko kona. Mnielezee hao wawili.

#49 mama_zuu
Mmoja alilala geto mwingine alilala kwa nyanyake. Nishakwambia.

#50 binti_bandari
Mmoja alikuwa mkubwa baba alipofutwa, mwingine alikuwa mdogo.

#51 Kaptula Tuktuk
Mmoja anatafuna 😐

#52 mwanamaskani
Baba Salma hao wawili siwajui ila mimi na kakangu ndio hivyo. Yeye hana tofauti na mimi, ni kwamba siku ile ya sukari nilitumwa mimi.

#53 Sharia Ndogo
@mwanamaskani niandikie pembeni kuhusu hicho cheti. Kama kesi ilifutwa na hukupatikana na hatia kuna njia ya kuomba rekodi irekebishwe, usikae nacho hivyo hivyo.

#54 mwanamaskani
Shukran. Nakuandikia usiku nikipaki.

#55 Kaptula Tuktuk
Mwalimu Jumamosi gari yangu itakuwa imetoka kwa fundi. Naweza kuwabeba hao wa Mtopanga safari mbili tatu, sitaki nauli, mafuta tu. Lakini wote waegemee kiti.

#56 mwalimu_bombo
Allah akulipe. Saa tisa na nusu basi. Na mwenye nyavu za goli aje nazo, zetu zimeibiwa.